Rangi Isiyosikika Redioni

Mwaka 1963 kijana wa Liverpool aitwaye Richard Starkey, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Ringo Starr, aliingia na meneja wake, Brian Epstein, katika duka la Drum City jijini London. Dramu alizokuwa akipiga hadi siku hiyo zilikuwa za Premier, kampuni ya Kiingereza, na rangi yake ilikuwa ya kahawia kama kabati la sebuleni. Alitaka nyingine. Mwenye duka, Ivor Arbiter, alikuwa na vipande vya sampuli za rangi, na jicho la Ringo likatua kwenye kimoja: cheusi, chenye mawimbi ya kijivu na nyeupe yanayong'aa kama sehemu ya ndani ya gamba la chaza. Ludwig wa Chicago ndio waliokuwa wakiuza dramu zenye vazi hilo. Kwa hiyo, kama wapiga dramu wanavyopenda kusimulia, Ringo hakuchagua kampuni kisha rangi. Alichagua rangi, kampuni ikafuata.

Tarehe 9 Februari 1964 The Beatles walipiga katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan huko New York. Inakadiriwa kuwa Wamarekani wapatao milioni 73 walitazama. Baada ya usiku ule oda zilimiminika Ludwig hadi kiwanda kikawa kinafanya kazi usiku na mchana. Mpaka leo vazi lile linauzwa, na muuzaji akisema "rangi ya Ringo" mnunuzi haulizi swali la pili.

Kuna jambo moja dogo ambalo watu hulisahau. Kipindi kile kilirushwa kwa picha nyeusi na nyeupe. Rangi ya Ringo ilivuka salama hadi sebule za Wamarekani kwa sababu yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kama angechagua nyekundu, watu milioni 73 wangeona kijivu.

Nimeanza na London kwa sababu jina la Ringo nililisikia likitajwa kwenye kikao huko Mpui, na lilitajwa kama hoja.

Mpui ni mji mdogo wa uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, kando ya barabara iendayo kutoka Sumbawanga hadi Tunduma. Watu wake ni wakulima wa mahindi, maharage na ulezi, na mwezi Juni na Julai upepo wa baridi hukufanya uheshimu blanketi. Mwaka ule, baada ya mavuno, kwaya ya vijana ilikuwa imekusanya michango, mwenye fedha kwa fedha, mwenye mahindi kwa madebe, ili kununua seti ya dramu kutoka Dar es Salaam. Fedha zilikuwa zimekaribia kutosha. Kilichobaki kilikuwa kuchagua rangi, na hapo ndipo kikao kilipokwama.

Kijana aliyejifunza kupiga kwa ndoo za plastiki na video za YouTube alitaka ama nyeusi yenye mawimbi, "ile ya Ringo", ama ile inayopenya mwanga, ya rangi ya asali, "ya John Bonham". Katibu, dada mwenye daftari ambalo haliachi, alitaka damu ya mzee, kwa sababu ndiyo rangi ya sare ya kwaya. Vijana wakacheka: dramu zishonewe sare? Mzee mlezi wa kwaya akasema kwa upole kwamba tununue ile ya bei nafuu. "Wanangu, rangi hailii."

Kisha wakanigeukia mimi. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, nilikuwa nyumbani likizo, na nyumbani msomi wa historia anadhaniwa kuwa na jibu la kila kitu kilichotokea zamani. "Tuambie, rangi ya dramu yenyewe ni ipi?" Hilo ni swali zuri kuliko lilivyosikika siku ile, na insha hii ni jaribio la kulijibu kwa ukamilifu ambao kikao kisingeuvumilia.

*

Rangi ya dramu ni nini hasa? Mwili wa dramu ni duara la mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka. Kuupiga rangi vizuri kwa mkono ni kazi ya siku nyingi, na mbao zikiwa na kasoro au maungio mabaya, rangi huyaanika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 viwanda vya Marekani vilipata njia ya mkato: kuuvisha mwili wa dramu karatasi ya seluloidi, plastiki ya zamani iliyokuwa pia ikitengenezewa filamu za sinema. Karatasi hizo zilitengenezwa ziige lulu. Seluloidi ya namna hiyo ilitumika kwenye vitana, kwenye akodiani, hata kwenye vifuniko vya vyoo, na wanamuziki wa Marekani hawajaacha utani wa kuiita lulu ya chooni.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kusimama kidogo kwenye neno lulu. Miaka ileile dramu zilipokuwa zikivishwa lulu ya kiwandani huko Chicago, wapiga mbizi wa Ghuba, Bahrain na Kuwait na miji jirani, walikuwa wakipoteza riziki. Wajapani walikuwa wamefaulu kufuga chaza na kuvuna lulu kama mtu avunavyo mayai, na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwaondoa wanunuzi matajiri. Miongoni mwa wapiga mbizi hao walikuwamo watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu, na wazao wao. Lulu ya baharini ilishuka thamani wakati ambapo mfano wake wa plastiki ulikuwa ukipanda jukwaani.

Mtu aliyeupandisha zaidi ya wengine alikuwa Gene Krupa. Kabla yake mpiga dramu wa bendi alikuwa mtunza saa, mtu wa nyuma. Krupa alipiga hadi wasikilizaji wakaacha kucheza ili wamtazame. Tarehe 16 Januari 1938 alikuwa kwenye jukwaa la Carnegie Hall, New York, na bendi ya Benny Goodman, katika onyesho ambalo wanahistoria wa jazi hulihesabu kuwa siku jazi ilipoingia rasmi katika kumbi za heshima. Dramu zake zilikuwa za Slingerland, nyeupe za lulu. Kampuni ilimweka kwenye katalogi zake, na vijana wa Marekani wakaitaka seti nyeupe kwa sababu Krupa alikaa nyuma ya seti nyeupe. Biashara ikajifunza somo ambalo haijalisahau: mpe mtu maarufu dramu, piga picha, uza picha pamoja na dramu.

Bonham wa Led Zeppelin alikuja na kitu kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ludwig walianza kuuza dramu za akriliki tupu, bila mbao kabisa, na yeye akachukua zenye rangi ya asali iliyokolea. Julai 1973 bendi ilirekodiwa kwa filamu Madison Square Garden, filamu ikatoka mwaka 1976, na tangu hapo mwanga wa jukwaani ukipita ndani ya dramu za namna ile watu humwona Bonham hata kama aliyekaa nyuma yake ni mtu mwingine. Hapa nilimwambia mzee mlezi kwamba msemo wake una tundu moja. Vazi la plastiki juu ya mbao halibadilishi sana mlio. Lakini pale ambapo plastiki ndiyo mwili wenyewe, rangi na kitu kinacholia ni kimoja. Akatikisa kichwa, akauliza bei ya hiyo. Nilipomtajia, tukaendelea na mada nyingine.

Ukizitazama hadithi hizi tatu pamoja utaona kwamba ili rangi iwe mali ya mtu, mambo matatu lazima yakutane. Kwanza, mtu huyo awe na dramu zake, alizozichagua au alizopewa kwa jina lake. Pili, pawe na picha inayomfikia mtu asiyekuwapo ukumbini. Tatu, pawe na duka ambalo kijana anayemhusudu anaweza kuingia na kununua kile alichokiona. Ondoa moja, na rangi inabaki kuwa rangi tu.

Kwa hiyo nilijiuliza: kwetu je? Tanzania ilikuwa na bendi za dansi nyingi na nzuri kiasi kwamba Dar es Salaam ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa na muziki wa jukwaani karibu kila usiku wa wiki. Kwa nini kijana wa Mpui anataja rangi ya Mwingereza na Mwingereza mwenzake, na hana hata rangi moja ya Mtanzania ya kutaja?

*

Tuanze na mali. Neno lenyewe la wanamuziki wa dansi linasema mengi: vifaa vyote vya bendi, magitaa, spika, tarumbeta, tumba na dramu, vinaitwa vyombo, na swali la kwanza kuhusu bendi yoyote ni "vyombo ni vya nani?" NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, vyombo vyake vilikuwa vya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya jumuiya ya vijana ya chama tawala. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, UDA Jazz ya shirika la mabasi, Bima Lee ya shirika la bima. Polisi, Jeshi, JKT na Magereza walikuwa na bendi zao. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikuja kuwa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC. Mwanamuziki wa bendi hizi alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Akihama, na walihama sana, aliondoka na kipaji chake na nguo zake. Dramu zilibaki stoo ya mwajiri zikimsubiri mwingine. Huwezi kuwa na rangi yako katika chombo ambacho kesho atakikalia mtu wa zamu nyingine.

Duka nalo lilikuwa gumu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya kuagiza bidhaa nje iliingia mikononi mwa mashirika ya umma, na miaka ya mwisho ya 1970, vita vya Kagera na bei ya mafuta vilipobana fedha za kigeni, gitaa na dramu hazikuwa mbele ya foleni. Mbele walikuwapo dawa, vipuri na petroli. Bendi ilipopata seti ya dramu ilishukuru kwa seti, si kwa rangi, na seti hiyo ilitumika hadi kamba na waya vikawa vingi kuliko skrubu.

Limebaki la picha, na hili ndilo linalonigusa zaidi kama mtu wa Ufipa. Muziki wa dansi ulifika kwetu kwa redio. Radio Tanzania Dar es Salaam iliziingiza bendi studioni, ikazirekodi kwenye kanda, ikazirusha nchi nzima. Katika nyumba za Mpui redio iliwekwa mahali pa heshima, na betri zilipochoka zilianikwa juani ili zimalizie salamu za jioni. Santuri za bendi zetu zilichapwa Nairobi, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45, zikivaa bahasha ya kampuni yenye tundu katikati. Ulisoma jina la wimbo na la bendi, basi. Televisheni ilianza Zanzibar mapema miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994. Fikiria hesabu hiyo. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, akiwa mwanamuziki anayependwa kuliko karibu wote nchini, na mamilioni waliomlilia walikuwa hawajawahi kumwona akitembea.

Kwa hiyo kumbukumbu yetu ya muziki ni ya sikio. Mtu wa rika la wazazi wangu atatambua gitaa la Mbaraka kwa noti nne. Atakutenganishia sauti ya Muhidin Gurumo na ya Hassan Bitchuka hata akiwa anapepeta maharage. Muulize dramu za bendi hizo zilikuwa za rangi gani, atakutazama kama umemuuliza rangi ya upepo.

*

Hata hivyo itakuwa si kweli kusema kwamba rangi haikuwa na kazi katika ngoma zetu. Ilikuwa na kazi kubwa sana, ila haikuwa ya mtu mmoja.

Rudi nyuma hadi beni, ngoma iliyozaliwa miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu walipochukua bendi ya kijeshi ya Mzungu na kuigeuza mashindano ya mtaa kwa mtaa. Terence Ranger, aliyeandika historia yake katika kitabu cha mwaka 1975, anaeleza jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyokuwa na vyeo, sare na uhasama wa heshima. Bendi zilizoigwa zilikuwa na desturi yake kuhusu rangi: katika jeshi la Waingereza ngoma za kikosi hupakwa nembo na rangi za kikosi, na mpigaji ni mtumishi wa nembo hiyo. Beni ilisafiri bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita hivyo viliishia jirani kabisa na kwetu: Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, kusini mwa uwanda wa Ufipa. Baada ya hapo wanaume waliotafuta kazi migodini Zambia walikuta ngoma za jamii ya beni, kama kalela, ambazo wachezaji wake walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'aa.

Pwani, wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, na kushindana kwa sare ilikuwa nusu ya ngoma yenyewe. Bendi za dansi zilirithi hayo: mashati yanayofanana, suruali zinazofanana, viatu vinavyofanana. Mtanzania asiyejua chochote kuhusu muziki anajua kwamba kijani na njano ni Yanga, na nyekundu na nyeupe ni Simba. Kwetu rangi huuliza swali moja: wewe ni wa wapi? Kule kwa Krupa na Bonham rangi iliuliza: wewe ni nani?

Nilipofika hapo katika maelezo yangu, katibu alifunga daftari na kuwatazama wale waliomcheka. Pendekezo lake la kuvisha dramu sare, ambalo lilionekana la kishamba kuliko yote, ndilo lenye historia ndefu kuliko yote katika sehemu hii ya dunia. Na Ringo mwenyewe hakuwa mbali nalo. Lile dramu kubwa la mbele, lililoelekea watazamaji, liliandikwa jina la bendi kwa herufi nyeusi, ile T ya katikati ikishuka chini kuliko nyingine. Andiko hilo lilichorwa kwa ajili ya seti ileile. Watu milioni 73 waliosoma kitu mbele ya Ringo walisoma jina la kundi.

Lakini kijana wa ndoo za plastiki hakuridhika, na alichosema ndicho kilichonifanya niandike insha hii. Alisema: "Sawa kaka, sare ni yetu sote. Ila hao wapiga dramu wa hizo bendi walikuwa akina nani?"

Tukanyamaza. Chumba kizima kilikuwa na uwezo wa kutaja waimbaji, wapiga solo, hata wapiga saksafoni na tarumbeta, Michael Enoch na Joseph Lusungu. Hakuna aliyetaja mpiga dramu. Hii ndiyo gharama ya sare. Inamwingiza mtu ndani ya kundi vizuri kiasi kwamba ukija kumtafuta humwoni.

Ajabu ni kwamba bendi zetu zilijitambulisha kwa kazi ya mtu huyohuyo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Mtindo wa NUTA, iliyokuja kuitwa JUWATA na kisha OTTU, ni Msondo, na msondo ni ngoma ndefu ya kusimama. Mtindo wa Mlimani Park ni Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Watani wa jadi wakubwa wa muziki wa dansi wamepewa majina ya ngoma. Leo bendi ya kwanza inaitwa Msondo Ngoma moja kwa moja, na shabiki anayetembea mjini na fulana yake anatangaza ngoma bila kujua jina la aliyeipiga.

Majirani zetu wa Kongo wanatuonyesha kwamba haikulazimika kuwa hivyo. Mapema miaka ya 1970 kijana mpiga dramu wa Zaiko Langa Langa, Meridjo Belobi, alitoa mdundo wa haraka kwenye snea ambao inasimuliwa aliuchukua katika mlio wa treni. Uliitwa cavacha. Ukavuka mipaka, ukaingia kwenye bendi za Kikongo zilizohamia Nairobi na Dar es Salaam, na vidole vya Afrika Mashariki nzima vikawa vinaugonga juu ya meza bila kuambiwa. Hakuna anayezungumzia rangi ya dramu za Meridjo. Hata hivyo jina lake limedumu, kwa sababu wapenzi wa muziki wa Kinshasa waliona mdundo kuwa kitu chenye mwenyewe, kama wimbo ulivyo na mtunzi. Krupa alihitaji lulu nyeupe na katalogi ili akumbukwe dukani. Meridjo alihitaji watu waseme tu: hii ni ya fulani.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la kikao lilikuwa limegeuka. Wanaotaka rangi ya Ringo hawataki plastiki nyeusi. Wanataka siku moja mtu asikie mlio wao na aseme ni wao. Rangi ni njia moja ya kupata hilo, njia iliyotengenezwa na nchi zenye maduka, picha na matangazo, na haifanyi kazi kwa kuazimwa. Kijana wa Mpui akikaa nyuma ya seti ya lulu nyeusi, anayemkumbuka mtazamaji ni Ringo. Kwa fedha za mahindi ya kwao atakuwa amenunua kumbukumbu ya mtu mwingine.

Niliwaambia mambo mawili, na nilijitahidi kuwa mfupi. La kwanza, katibu yuko sahihi kuhusu rangi. Seti za bei ya kawaida zinazoletwa kutoka China huja nyeusi, buluu au nyekundu iliyokolea karibu na mvinyo, ambayo kwa jicho la mtu mwenye nia njema ni damu ya mzee. Kwa hiyo mzee mlezi naye angeshinda. La pili, kijana yuko sahihi kuhusu jina. Kanda za Radio Tanzania zimehifadhi maelfu ya midundo ambayo wapigaji wake tunawaita "mpiga dramu". Kwaya ndogo ya Ufipa haiwezi kulirekebisha hilo, lakini inaweza kuacha kulirudia.

Seti ilifika kwa basi, ndani ya maboksi matano, wiki chache baadaye, nikiwa nimesharudi chuoni. Walinitumia picha kwa WhatsApp. Damu ya mzee ilikuwa karibu kabisa na rangi ya sare, si ileile, na kwenye ngozi ya mbele ya dramu kubwa mwalimu wa shule mwenye mkono mzuri alikuwa ameandika jina la kwaya kwa rangi nyeupe. Picha ya pili ilikuwa ya ukurasa wa daftari la vyombo. Zamani lilikuwa na safu tatu: tarehe, chombo, thamani. Katibu alikuwa amechora mstari kwa rula na kuongeza ya nne, mpigaji. Nikauliza kwa nini imeachwa wazi. Akajibu kwamba wapigaji sasa ni wawili, kwa kuwa binti mmoja wa sauti ya pili naye amejifunza, na kikao cha kuamua jina la nani litangulie kimeshachukua muda mrefu kuliko kile cha rangi.